Kuonja Si Kula

Mpishi huonja kila sufuria na hali katika hata moja. Hiyo ndiyo sheria aliyopewa mwanamke mmoja siku ya kwanza alipofungwa aproni, na aliyempa alikuwa mpishi mzee mwenye mkono mwepesi wa kupiga watu vidole kwa mwiko. Kuonja ni kazi, alimwambia, kula ni wizi. Anayeonja anawalinda wenye chakula, anayekula anawapunguzia. Kati ya mambo hayo mawili kuna ukuta, na mpishi akilegeza hata tofali moja ajihesabu pamoja na wezi.

Aliishika sheria hiyo kwa miaka ishirini na miwili, katika jiko la shule ya bweni yenye wasichana mia nne. Wanafunzi walimwita Bi Chumvi, kwa sababu hapakuwa na aliyekumbuka maharage yake kuzidi chumvi au kupungua. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, si msemaji, na akicheka alicheka mara moja tu kama mtu anayepiga chafya. Kila siku alifika kazini na chakula chake kutoka nyumbani, kwenye bakuli lenye kifuniko, limefungwa kwa kitambaa. Saa mbili asubuhi, wanafunzi wakiwa darasani, alikaa kwenye kigoda nyuma ya jiko akala kilicho chake. Wenzake walikwangua ukoko wa wali wakautafuna wakipiga soga, naye hakuugusa. Mtunza stoo, mwanamume wa maneno mengi aliyening'iniza funguo kiunoni kama kengele za mbuzi, aliwahi kumwambia kwamba hata nzi wa jiko lile wameshiba kuliko yeye.

"Nzi hawakuapa," alimjibu, akaendelea kukoroga.

Hakuonja kwa kijiko. Alichota kwa ncha ya mwiko, akadondoshea kwenye kiganja cha kushoto, akalamba, akatulia kidogo kama anayesikiliza hatua za mtu nje, halafu akasema "bado" au "tayari." Maziwa aliyaonja yalipoletwa, asije akapokea yaliyochacha, akayaonja tena yalipochemka. Chai aliionja kabla ya sukari na baada ya sukari. Uji aliuonja sufuria kwa sufuria, na sufuria za uji zilikuwa nne. Kila mara ni tone tu, na kila mara alinawa. Uji wa moto ukidondoka mahali pamoja kwa miaka hiyo yote huacha alama, na katikati ya kiganja chake palikuwa na bapa jeupe la ngozi ngumu, ukubwa wa kifungo cha koti.

Pembeni yake alisimama mpishi wa pili, shoga yake wa miaka kumi na saba. Walikuwa wamezika wazazi pamoja na kulea watoto pamoja. Walipishana kwenye moshi bila kugongana, na mmoja akinyoosha mkono mwingine alishajua anataka kifuniko au kibano.

Ugonjwa ulimjia kwa kunyemelea, akiwa na miaka arobaini na tisa. Alianza kusikia baridi mbele ya moto. Alivaa sweta ndani ya aproni, watu wakamcheka, akacheka nao. Kisha nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, sauti ikawa nzito kama ya mtu aliyeamshwa usingizini, uso ukawa unavimba kila asubuhi. Siku moja alisinzia akiwa wima, ameegemea gunia la mchele, na mwiko mkononi. Binti yake, mtoto wake wa pekee, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na aliishi naye tangu baba yake afariki, hakungoja siku ya pili. Alimshika mkono akampeleka hospitali.

Damu ilipopimwa daktari aliwaambia kwamba tezi iliyo shingoni, ile iitwayo thairoidi, imechoka. Tezi hiyo ndiyo inayouambia mwili uende kwa kasi gani, na ya kwake ilikuwa imebaki kunong'ona. Tiba yake ni kidonge kimoja kidogo kila siku, maisha yake yote. Akimeze kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha asubiri saa nzima ndipo ale.

Kwa mwanamke yule hiyo ilikuwa sheria nyingine tu, na sheria hazikumtisha. Alipewa mapumziko ya wiki sita. Aliamka, akameza, akangoja, akala. Wiki ya tatu alivua sweta. Wiki ya sita uso ulikuwa umerudi kwenye umbo lake na damu ilionyesha tezi imeitika. Binti yake aliwaambia majirani kwamba amerudishiwa mama.

Alirudi kazini, na hapo ndipo lilipoingia kosa. Alikuwa akitoka nyumbani saa kumi alfajiri, mbiombio, na katika wiki ya kwanza akasahau dawa mara mbili. Mtu anayeheshimu sheria haziachi kwa bahati. Alihamishia kichupa cha dawa kwenye rafu ya jikoni, akajiwekea wakati usiosahaulika: kengele ya kuamsha wanafunzi, saa kumi na mbili kamili. Kengele ikilia, anameza. Na kwa kuwa chakula chake hakukigusa mpaka saa mbili, alihesabu kwamba amefanya vizuri kuliko alivyoagizwa. Daktari alitaka saa moja, yeye alimpa mbili.

Wakati kengele inalia, alikuwa ameshaonja maziwa mara mbili, chai mara mbili, na uji mara nne au zaidi. Haikumjia kwamba hayo yana uhusiano wowote na tumbo tupu. Kuonja si kula. Hilo alilijua kabla hajajua kwamba ana tezi.

Baridi ilirudi, na usingizi nao. Daktari aliuliza kama anameza dawa kila siku, akasema ndiyo. Aliuliza kama anaimeza kabla ya kula, akasema ndiyo. Aliongezewa kipimo, na miezi michache baadaye akaongezewa tena, na bado tezi ikawa inanong'ona. Hakusema uongo hata mara moja, na hilo ndilo lililoifanya kazi ya daktari kuwa ngumu. Uongo una harufu yake, lakini kosa la mtu mkweli halinuki.

Kila mwaka wafanyakazi wa jiko walipelekwa kupimwa afya, na mwaka ule hospitali iliongeza kipimo cha mafuta ya damu kwa waliovuka miaka arobaini. Mtunza stoo ndiye aliyetumwa kuchukua majibu. Bahasha hazikuwa zimefungwa kwa gundi. Mtu mwenye adabu angeona bahasha iliyo wazi akaiona kama iliyofungwa. Yeye aliona mlango. Alizisoma zote njiani, akaingia jikoni wakati wapishi, wabeba kuni na walimu wawili waliokuja kunywa chai wote wapo, akasimama kizingitini akatikisa karatasi.

"Jamani, yale mafuta ya stoo yanayopungua kila muhula, leo nimeyapata. Kumbe hayajapotea. Yako kwenye damu ya Bi Chumvi."

Watu walicheka. Hata yeye alicheka ile chafya yake moja, kisha akanyoosha mkono apewe karatasi. Pameandikwa kolesteroli, na mbele yake namba imezungushiwa duara jekundu. Neno lenyewe alikuwa hajawahi kulitamka. Lakini wengine wote walilijua kwa niaba yake: kolesteroli ni mafuta, mafuta ni nyama na vitu vya kukaanga, na vitu hivyo haviingii kwenye damu ya mtu kwa mlango wa nyuma. Kama anakula majani nyumbani, basi anakula nyama kazini. Ndani ya wiki moja bakuli lake la miaka ishirini na miwili lilikuwa limegeuzwa kuwa la maonyesho. Lisemwalo lipo, walisema, na wanaoipenda methali hiyo mara nyingi ndio waliolianza hilo linalosemwa.

Nyumbani binti yake alitoa mafuta ya kupikia jikoni akayapeleka kwa jirani. Yai lilikatazwa. Mboga zilichemshwa kwa maji na kitunguu, maharage yakaliwa makavu. Bi Chumvi alikula alichopakuliwa, hakulalamika. Baada ya miezi mitatu wakapima tena. Namba ilikuwa imepanda.

Jioni hiyo aliingia nyumbani ghafla akamkuta binti yake amesimama kando ya kamba ya nguo na aproni yake mkononi, ameisogeza puani. Binti aliona haya, akaikunja, halafu akaamua kusema.

"Mama, niambie tu. Mimi si mtu wa nje."

"Nikuambie nini?"

"Unachokula kazini."

"Nakula unachonifungashia wewe."

"Mama, karatasi ina sababu gani ya kukusingizia?"

Yeye mwenyewe aliamini karatasi. Maisha yake yote aliamini kwamba kitu kilichopimwa hakibishaniwi, na alikaa kwenye kiti chake akatazama miguu yake kama miguu ya mtu mwingine.

Daktari alimpa dawa ya pili, ya kushusha mafuta. Wiki tatu baadaye mapaja yakaanza kuuma kana kwamba amepigwa kwa fimbo. Sufuria aliyoizoea ikataka watu wawili. Ngazi tano za stoo alizipanda kwa kushika ukuta, mtunza stoo juu yake akimhesabia hatua kwa sauti: moja, mbili, pole pole Bi Mkubwa, mafuta yamekuwa mazito. Wengine hawakucheka tena, na kutocheka kwao kulikuwa kubaya zaidi. Walishaacha kuona kwamba ni utani.

Ndipo mwalimu mkuu akamwita ofisini. Alikuwa mwanamke mwenye nia ya kutenda haki, mwenye mafaili mengi, na aliyechoka kusikia habari za mafuta. Alimkaribisha kiti, akamuuliza hali ya miguu, kisha akafika kwenye jambo. Maneno yamekuwa mengi, alisema, na wazazi wameanza kuyasikia. Hakutaka kuamini umbea. Kwa hiyo alikuwa amemuuliza mtu mmoja tu, mpishi wa pili, kwa sababu ndiye aliyesimama naye kwa miaka kumi na saba. Alimuuliza swali jepesi: je, umewahi kumwona anakula chakula cha wanafunzi?

"Amesema kila mtu huangalia sufuria yake," mwalimu mkuu alisema. "Hakusema unakula. Lakini hakusema huli."

Bi Chumvi aliomba jambo hilo lirudiwe. Likarudiwa.

"Na wewe unasemaje?" aliulizwa.

"Sijala, Mwalimu."

"Nataka kukuamini."

"Basi niamini."

Mwalimu mkuu alitazama dirishani. Alisema atampumzisha kidogo, mpaka maneno yapoe. Angehamia chumba cha nguo, kazi nyepesi kwa miguu yake, na mpishi wa pili angeshika jiko.

Tusimhukumu haraka yule shoga. Mumewe alikuwa kitandani mwaka wa pili, na cheo cha mpishi mkuu kilikuja na nyumba ndani ya uzio wa shule, ambayo Bi Chumvi hakuihitaji kwa kuwa alikuwa na yake. Hakumchongea mwenzake. Alinyamaza tu, mahali ambapo neno moja la "sijawahi kumwona" lingetosha, na alikuwa mtu pekee duniani mwenye neno hilo. Lakini kunyamaza mbele ya swali la haki nako ni jibu, na aliyeulizwa anajua ni jibu gani.

Chumba cha nguo kilikuwa na dirisha moja, meza ndefu, pasi mbili na kabati la shuka mpaka kwenye dari. Bi Chumvi alipanga shuka kwa namba za mabweni, akatia viraka, akahesabu foronya. Alifika alfajiri kama zamani, maana mwili uliozoea haujui kulala. Kengele ikilia saa kumi na mbili, alimeza kidonge. Saa mbili alifungua bakuli akala peke yake. Hapakuwa na cha kuonja.

Baridi ilimtoka. Alifikiri ni kwa sababu ya pasi. Usingizi ulimwisha. Mapaja yakalegea, akapanda ngazi bila kushika kitu. Wiki ya nane alipopimwa, mafuta yalikuwa yameshuka kama mzigo uliokatwa kamba.

Ilikuwa habari njema, na hakuna habari iliyomuumiza kama hiyo. Mtunza stoo hakuhitaji hata kupaza sauti. "Mlimtoa kwenye sufuria, mafuta yameshuka," aliwaambia watu. "Mnataka ushahidi gani tena, mumpasue?" Mwalimu mkuu alipokutana naye uani alimpongeza kwa afya yake, kwa upole, kwa namna ambayo watu humpongeza mlevi aliyeacha. Binti alimkumbatia jikoni akamwambia yameisha, Mama, hatutayazungumza tena. Alikuwa amesamehewa na kila mtu kosa ambalo hakulifanya.

Siku zile alianza kujitilia shaka mwenyewe. Alikaa kwenye meza ndefu akajiuliza kama kuna mtu anayeweza kula bila kujua, kama wale wanaotembea usingizini.

Kilichomwokoa ni moyo kwenda mbio. Ulianza kudunda ovyo, mikono ikatetemeka akishika sindano, akapungua uzito kuliko ilivyofaa. Alirudi hospitali siku ambayo haikuwa ya zamu ya daktari wake, akapokewa na nesi wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, aliyeandika polepole na kusoma polepole. Nesi alisoma faili lote tangu ukurasa wa kwanza. Kisha akauliza ni nini kilibadilika kati ya vipimo viwili vya mwisho.

Bi Chumvi alisema amehamishwa kazi. Na kwa kuwa alijua swali linalofuata, alimwambia yote: jiko, bakuli, mafuta ya stoo, alivyodhaniwa.

"Mimi sielewi wanakudhania nini," nesi alisema. "Mtu akiacha nyama, mafuta yanaweza kushuka. Na hiyo dawa uliyopewa nayo inashusha. Lakini tezi haiamki kwa kuacha nyama, na yako imeamka mpaka imepitiliza. Kipimo cha dawa ni kilekile. Maana yake ni kwamba jikoni dawa ilikuwa haiingii, na sasa inaingia yote. Jikoni ulikuwa unaimezea nini?"

"Maji."

"Kabla yake umekula nini?"

"Sijala."

Nesi aliuchukua mkono wa kushoto kutafuta mapigo ya moyo, akaugeuza. Aliliona lile bapa jeupe.

"Hiki kidonda cha nini, dada?"

"Si kidonda. Ni pa kuonjea."

"Unaonja saa ngapi?"

"Tangu maziwa yanapokuja. Saa kumi na moja."

"Na dawa?"

"Saa kumi na mbili."

Nesi alivua miwani ikaning'inia kifuani. "Dada yangu, mbona umesema hujala?"

Bi Chumvi alijinyoosha kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza tangu maneno yale yaanze, alikasirika. Alisema ameshatukanwa na mtunza stoo, amenuswa na mtoto wake mwenyewe, na sasa hakuja hospitali kuitwa mwizi. Kuonja si kula. Ameapa, na hajala chakula cha mtu.

"Mimi sikuulizi habari za haki," nesi alisema. "Nakuuliza habari za tumbo. Tumbo halijaapa."

Akamweleza, polepole kama alivyosoma. Kidonge kile ni kichoyo, hakitaki kugawana nafasi. Kikikuta maziwa, chai au uji, sehemu yake kubwa hupita bure isiingie kwenye damu. Tezi ikibaki imelala, ini nalo hulegea katika kazi yake ya kuyaondoa mafuta mabaya kwenye damu, na mafuta yanapanda hata kama mtu anakula majani kama mbuzi. Hata wapimaji wanajua: mafuta yakipanda bila sababu, itazamwe tezi kwanza. Na dawa ya mafuta ikitolewa wakati tezi bado imelala, misuli inaweza kuumia, kama mapaja yake yalivyoumia. Mambo matatu yaliyomsumbua, usingizi, mafuta ya damu, na miguu, yote yalitoka mahali pamoja.

"Tone moja?" Bi Chumvi aliuliza. "Tone linafanya hayo?"

"Sijui ni matone mangapi. Wewe unajua?"

Hakujua. Kesho yake alikwenda kwa mwalimu mkuu akaomba asubuhi moja tu ya kurudi jikoni, mbele yake. Mwalimu mkuu alikubali, labda kwa kuona kwamba mtu mwenye hatia haombi kutazamwa. Alfajiri alikuja na koti juu ya nguo za nyumbani, akakaa kwenye kigoda. Bi Chumvi alifunga aproni. Aliweka kikombe kidogo kitupu cha kahawa kwenye rafu, na kila alipodondoshea kiganjani, alichota tena kiasi kilekile akamimina kwenye kikombe. Maziwa yalipokuja. Yalipochemka. Chai, sukari, chai. Uji wa kwanza, wa pili; wa tatu ulikuwa na mabonge, ukakorogwa, ukaonjwa upya. Mpishi wa pili alifanya kazi upande wa pili wa moshi bila kuinua macho.

Kengele haijalia, kikombe kilikuwa kimejaa. Akaleta cha pili. Kengele ilipolia, cha pili kilikuwa nusu.

Alivibeba vyote viwili akaviweka mbele ya mwalimu mkuu.

"Nimekuwa nikila, Mwalimu," alisema. "Kikombe kimoja na nusu, kila asubuhi, miaka ishirini na miwili. Sikujua."

Mwalimu mkuu alivisogeza vikombe kando. Kisha akasema kwamba huko si kula, ni kazi aliyoajiriwa kuifanya, na kwamba mbele ya watu wote wa jiko anamwomba radhi. Alisimama akaomba, kwa sauti ya kusikika. Mtunza stoo alisikia naye. Alikohoa, akasema yeye alikuwa akitania tu, watu wa siku hizi hawajui utani, akaenda kufungua stoo.

Daktari alipunguza kipimo cha dawa ya tezi, akaisimamisha ile ya mafuta, akamwita tena baada ya wiki sita, na tena baada ya miezi mitatu. Kolesteroli ilikaa mahali pake bila dawa. Kwa kidonge chenyewe, tiba ilikuwa kukimeza anapoamka, saa tisa na nusu, badala ya kengele. Hakuna kilichonunuliwa wala kukatwa. Binti yake alirudisha mafuta nyumbani, akakaa mkekani karibu na mama yake akalia, akaambiwa anyamaze, karatasi ilimdanganya hata mama mwenyewe.

Lakini barua ya cheo ilikuwa imeshatoka. Mwalimu mkuu alieleza kwamba mpishi mkuu mpya hakufanya kosa la kuvuliwa cheo, na mumewe mgonjwa ameshahamia kwenye nyumba ya shule. Hilo lilikuwa kweli. Bi Chumvi alipewa nafasi iliyobaki, ya mpishi wa pili, na aliipokea, kwa sababu hakujua kazi nyingine na hakupenda kununa.

Asubuhi ya kwanza walisimama tena kwenye moshi uleule, sasa wamebadilishana pande. Shoga yake alingoja mpaka wabeba kuni wametoka.

"Sikusema kwamba unakula," alisema.

"Najua ulichosema."

"Ningesema nini, dada? Nilikuwa na mgonjwa."

"Ungesema ulichokiona."

Mpishi mkuu alifunika sufuria ambayo haikuhitaji kufunikwa. Baada ya hapo walifanya kazi pamoja miaka minne, mpaka Bi Chumvi alipostaafu, na hakuna siku uji ulichelewa. Walizungumza habari za kuni, maji na chumvi. Mume wa yule mwingine alipofariki, Bi Chumvi alikwenda, akapika chakula cha waombolezaji, akaosha vyombo, akaaga pamoja na wageni wengine.

Aliukosea wakati wa kumeza kidonge kwa saa mbili na nusu, na jamaa zake wakakosea kwa kuamini karatasi kabla ya kumwamini mtu. Afya ilirudi yote. Cheo hakikurudi, wala rafiki hakurudi, naye hakuwa na rafiki mwingine.